Silansie ya bunduki: historia ya chombo cha kufunga sauti, na uwindaji wa usiku

Mashariki mwa Congo, sikio ndilo mlinzi wa kwanza wa jamaa. Mama aliyekimbia Masisi ao Rutshuru, akalala chini ya shitingi huko Kanyaruchinya, Bulengo ao Lushagala, anajua kutofautisha milio bila kufundishwa na mtu. Mlio mmoja toka porini, kisha kimya: pengine ni mwindaji na kalibre 12 yake. Masasi yanayofwatana haraka: si mwindaji tena. Mshindo unaotetemesha ardhi: ni saa ya kuamsha watoto na kufunga mzigo. Kwa mlio huo, watu wanajua upande wa kukimbilia, na ni saa ngapi ya kurudi shambani.

Kuna chombo kilichotengenezwa ili kupunguza habari hiyo. Ni bomba la chuma linalofungwa kwenye mdomo wa bunduki. Wanaosema Kifaransa wanakiita silansie. Vitabu vya Kiswahili vinasema kiwambo cha kuzuia sauti. Wengi wanakijua toka filamu za wapelelezi. Lakini huko Marekani, New Zealand na inchi nyingi za Ulaya, silansie ni kitu cha wawindaji. Mtu anayewinda usiku anakichagua sawa vile anavyochagua viatu vya kutembelea porini: kwa uzito, kwa urefu, kwa bei, na kwa kazi anayotaka kufanya.

Historia ya chombo hiki inaanza katika jamaa moja, na jamaa hiyo ina alama yake hata katika pori la Ituri.

Kimya cha kwanza

Kuua mnyama bila kelele hakukuanza na silansie. Wambuti wa Ituri wana upinde na mshale wenye sumu tangu zamani. Mshale haupigi kelele inayofukuza pori nzima, na mwindaji anaweza kungoja na kufwata mnyama mpaka sumu imalize kazi yake.

Lakini Wambuti hao hao wana uwindaji wa pili, ule wa nyavu, na huo unaishi kwa kelele. Wanaume wanasimamisha nyavu kwa mstari mrefu. Wanawake na watoto wanatoka upande mwingine, wakipiga makelele na kupiga majani, ili mboloko na wanyama wengine wakimbilie nyavuni. Mbwa wao hawabweki sana, kwa hiyo wanavalishwa kengele ya mti shingoni. Kila mtu porini anajua wawindaji wako wapi. Kazi hiyo inafanyika mchana, na nyama inagawanywa kati ya wale walioshika nyavu na wale waliopiga kelele.

Kwa hiyo wazee walijua njia zote mbili, ya kimya na ya kelele, na kila moja ilikuwa na saa yake na desturi yake.

Baba aliyeleta kelele

Bunduki ziliingia Congo kwa wingi katika karne ya 19, pamoja na biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Misafara toka Zanzibar ilifika Nyangwe na Kasongo. Nguvu ya watu kama Tippu Tip ilisimama juu ya bunduki na baruti. Ni misafara hiyo pia iliyotembeza Kiswahili mpaka Maniema na kando ya mto.

Mwaka wa 1887, bunduki ya namna mpya ilipanda mto Congo. Henry Morton Stanley alikuwa anaongoza msafara wa kwenda kumwokoa Emin Pasha, aliyekuwa amezingirwa upande wa ziwa Albert. Msafara ulitoka Zanzibar mwezi wa pili, ukazunguka Afrika Kusini kwa meli pamoja na Tippu Tip mwenyewe, ukafika Banana mwezi wa tatu. Karibu watu 600 walikuwa wapagazi na askari walioandikwa Zanzibar. Kati ya mizigo yao kulikuwa bunduki ya Maxim, zawadi ya mwenye kuitengeneza, Hiram Stevens Maxim, Mmarekani aliyeishi London. Ilikuwa bunduki ya kwanza kujipakia yenyewe kwa nguvu ya risasi zake, na iliweza kutupa masasi karibu 600 kwa dakika moja.

Mwisho wa mwezi wa sita 1887, watu 389 waliondoka Yambuya, kwenye mto Aruwimi, kuingia pori la Ituri. Njaa, magonjwa na mishale viliwamaliza. Zaidi ya nusu walikufa, walitoroka ao waliachwa njiani. Bunduki ya Maxim ilikuwa mzigo kati ya mizigo mingine kwenye vichwa na mabega ya watu. Miaka iliyofwata, bunduki za namna hiyo zilisaidia wazungu kukamata sehemu kubwa ya Afrika.

Kelele ya bunduki hizo ilirudi kwa mwenye kuzitengeneza. Baada ya miaka mingi ya kuzijaribu karibu na masikio yake, Hiram Stevens Maxim aliharibika kusikia. Alipata heshima kubwa toka kwa wafalme wa Uingereza, lakini katika uzee wake alikuwa kiziwi.

Mtoto aliyetafuta kimya

Mwana wake, Hiram Percy Maxim, alizaliwa mwaka wa 1869 akabaki Marekani. Alikuwa fundi wa magari wakati magari yalikuwa bado kitu kipya, akafanya kazi katika mji wa Hartford. Injini za wakati ule zilipiga kelele sana, na yeye alitafuta namna ya kuzinyamazisha. Inasimuliwa kwamba alitazama maji ya bafu yakizunguka na kushuka ndani ya tundu bila kelele, akajiuliza kama moshi wa bunduki ungeweza kuzungushwa vile vile kabla ya kutoka nje.

Tarehe 30 mwezi wa tatu 1909, serikali ya Marekani ilimpa hati ya uvumbuzi kwa silansie ya bunduki. Aliiuza kwa watu wa kawaida: wenye kupiga shabaha nyuma ya nyumba bila kusumbua majirani, wakulima wenye kuua wanyama waharibifu, wawindaji. Rais wa zamani Theodore Roosevelt alikuwa na bunduki ya Winchester yenye silansie ya Maxim, kwa ajili ya wanyama wadogo wasumbufu waliozunguka nyumba yake karibu na New York.

Roosevelt naye alipita Congo. Mwanzoni mwa mwaka wa 1910, katika safari yake iliyoanzia Mombasa, alifika na mwana wake Kermit katika inchi ya Lado, ng'ambo ya Nile, iliyokuwa bado chini ya utawala wa Congo. Huko walipiga faru weupe tisa, kwa ajili ya majumba ya makumbusho ya Marekani. Faru wa namna ile walikuwa wa upande wa kaskazini tu, na kwa miaka mingi kimbilio lao la mwisho porini lilikuwa Garamba, mbuga iliyoundwa mwaka wa 1938. Leo hawako tena Garamba. Dume la mwisho, aliyeitwa Sudan, alikufa Kenya mwezi wa tatu 2018. Wamebaki majike mawili tu, na wanalindwa usiku na mchana.

Huko Marekani, silansie haikubaki kitu cha kununua bila masharti. Mwaka wa 1934, wakati watu waliogopa majambazi wa mijini wenye bunduki za kujipakia, sheria mpya iliweka silansie katika orodha ya vitu vya kuandikisha kwa serikali, pamoja na kodi ya dola 200. Wakati ule, kodi hiyo ilipita mbali bei ya chombo chenyewe. Biashara ilianguka. Kodi ya dola 200 ilidumu bila kubadilika zaidi ya miaka 90, mpaka iliposhushwa kuwa sifuri kuanzia mwezi wa kwanza 2026. Kuandikisha bado kunatakiwa.

Ulaya ilichukua njia nyingine. Katika inchi za kaskazini kama Finland na Norway, silansie ni kitu cha kawaida kwa mwindaji. Ufaransa iliiruhusu kwa uwindaji mwaka wa 2018. Sababu kubwa iliyotolewa ni afya: kulinda masikio ya mwindaji, ya mbwa wake na ya watu walio karibu.

Silansie inafanya nini kweli

Filamu zinadanganya. Bunduki ya kuwinda yenye silansie haitoi sauti ndogo kama ya mtu anayetema mate.

Risasi inapotoka, moshi wenye nguvu na joto kali unaifwata nyuma na kupasuka hewani mara moja. Kupasuka huko ndiko mshindo. Silansie ni bomba lenye vyumba vidogo ndani, vilivyotenganishwa kwa visahani vyenye tundu katikati. Risasi inapita katika tundu, lakini moshi unakwama chumba kwa chumba, unapoa, unapungua nguvu, na unatoka polepole.

Mlio wa bunduki ya kuwinda unaweza kufikia desibeli 160 na zaidi. Wanganga wa masikio wanasema kelele ya desibeli 140 inaweza kuharibu sikio kwa mlio mmoja tu. Silansie nzuri inapunguza kati ya desibeli 20 na 35. Kwa hiyo inaleta mlio karibu na mpaka ule wa hatari ao chini yake kidogo. Bado ni kelele kubwa, na mafundi wengi wanashauri kuvaa vizibo vya masikio hata pamoja na silansie.

Kuna sauti nyingine ambayo silansie haiwezi kuigusa. Sauti inasafiri hewani karibu metre 340 kwa sekunde. Risasi ya bunduki ya kuwinda inakwenda mara mbili zaidi ya hapo. Inapopita inapasua hewa, na mlio huo mkali unasikika njiani kote inakopita. Kuuondoa kunataka risasi nzito na ya polepole, ambayo nayo ina nguvu ndogo na haifai kwa mbali. Mwindaji anayeitumia vibaya anajeruhi mnyama na kumpoteza gizani.

Faida kubwa ya silansie, kando ya masikio, ni kuchanganya. Mnyama, sawa na mtu, anasikia mlio wa risasi ikipita lakini anashindwa kujua ulikotoka. Mshindo wa mdomo wa bunduki, ule unaosema "ni kule", ndio unaopunguzwa.

Kuchagua kwa ajili ya usiku

Katika jimbo la Texas, nguruwe-mwitu wanaharibu mashamba ya mahindi na mchele, na wanatembea zaidi usiku. Huko New Zealand, wawindaji wanatoka gizani kutafuta sungura na wanyama wengine walioletwa na wageni, ambao hawakuwa katika visiwa hivyo zamani. Katika mahali kama hapo sheria inaruhusu kazi hiyo, na mwindaji anayechagua silansie anatazama mambo haya.

La kwanza ni ukubwa wa tundu. Silansie lazima ilingane na risasi. Tundu likiwa dogo kuliko risasi, chombo kinapasuka mbele ya uso wa mtu. Likiwa kubwa mno, moshi mwingi unaponyoka na kelele inabaki.

La pili ni uzito na urefu. Silansie nyingi za kuwinda zina uzito wa kati ya gramu 300 na 600. Ni kidogo mkononi, lakini ukiwa kwenye ncha ya bunduki ni mzigo, hasa kwa mtu anayetembea usiku kati ya miti. Nyingine zinarudi nyuma juu ya mtutu ili zisizidishe urefu.

La tatu ni shabaha. Silansie inabadilisha kidogo mahali risasi inapofikia. Mwindaji lazima ajaribu bunduki mchana, ikiwa na silansie, kabla ya kuitegemea usiku.

La nne ni mwanga na joto. Silansie inaficha sehemu kubwa ya moto unaotoka mdomoni mwa bunduki, na moto huo usiku unapofusha macho kwa muda. Lakini baada ya milio kadhaa bomba linawaka joto, na mvuke wake unasumbua darubini.

La tano halimo ndani ya bomba. Usiku, mtu anaona macho yanayong'aa katika tochi, ao umbo jeupe katika darubini ya kuona joto. Haoni vizuri kilicho nyuma. Risasi ya bunduki inaweza kusafiri zaidi ya kilometa mbili. Mwindaji mwema hapigi kama hajui mnyama ni gani na udongo gani utapokea risasi ikimkosa.

Na hapo ndipo mlio unaporudi kuwa jambo la wengi. Mtu anayekusanya kuni, jirani anayerudi toka kwa mgonjwa, jamaa iliyojificha porini kwa sababu ya vita: hao wote wanategemea sikio ili kujua kwamba mbele yao kuna bunduki. Silansie inalinda sikio la mwenye kupiga. Habari ya mlio ilikuwa yao.

Afrika na usiku

Viongozi wa Afrika walijua mambo ya usiku mapema. Tarehe 15 mwezi wa tisa 1968, huko Algiers, inchi za Umoja wa Inchi Huru za Afrika zilitia sahihi mkataba wa kulinda viumbe vya asili. Kati ya njia za uwindaji zilizokatazwa humo ni sumu, baruti, moto, na kuwinda usiku. Katika Congo, sheria ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982 ndiyo inayopanga uwindaji, na inataka mwindaji awe na ruhusa.

Lakini katika mapori ya Afrika ya Kati, kuwinda usiku kwa tochi na kalibre 12 kunaendelea. Mboloko akipigwa mwanga machoni anasimama, na mtu anamkaribia. Kwa jamaa isiyo na shamba, iliyohama mara mbili ao tatu, mnyama huyo ni chumvi, sabuni na feza ya shule. Hilo haliwezi kufichwa. Na pori linalowindwa hivyo kila usiku linaishiwa, na watu wa kwanza kukosa nyama ni hao hao wanaolitegemea.

Silansie ilipofika Afrika, haikubaki mikononi mwa wawindaji wa halali peke yao. Afrika Kusini, ambako wakulima na wawindaji wengi wanaitumia kwa sheria, majangili wa faru walikamatwa mara nyingi na bunduki kubwa zenye silansie. Sababu yao ni rahisi: mlinzi wa mbuga anaongozwa na sikio. Akisikia mlio, anapima upande, anapeleka watu. Bila mlio, anamkuta faru kesho yake, kwa sababu ya tai wanaozunguka juu.

Ndiyo maana watu wa sayansi wameanza kufanya sikio la pori kuwa kubwa zaidi. Ng'ambo ya mto, katika mbuga ya Nouabalé-Ndoki huko Congo-Brazzaville, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walifunga juu ya miti vyombo vya kurekodi sauti. Vinasikia ndovu wakizungumza, na vinasikia milio ya bunduki, mchana na usiku. Kwa rekodi hizo, walinzi wanajua ni sehemu gani ya kutembea. Pori lenyewe linatoa ushuhuda, ikiwa tu bunduki bado inasikika.

Kitu cha pili cha Maxim

Hiram Percy Maxim hakukumbukwa kwa silansie peke yake. Mwaka wa 1914, katika mji ule ule wa Hartford, alianzisha pamoja na kijana Clarence Tuska chama cha watu wenye kupenda radio. Wakati ule, chombo cha mtu wa kawaida hakikufika mbali. Maxim aliona kwamba ujumbe unaweza kupokelewa na mmoja na kupitishwa kwa mwingine, toka mji hadi mji, mpaka ufike inchi nzima. Chama hicho kinaishi mpaka leo, na watu wake wanajulikana kwa kupeleka habari wakati wa mafuriko na matetemeko, simu zinapokufa.

Mtu mmoja, basi, alifanya kazi mbili zilizopingana. Kwa mkono mmoja alifunga sauti isitoke. Kwa mkono mwingine alisaidia sauti kufika mbali. Baba yake alikuwa amepoteza masikio, na yeye alijua thamani ya kusikia kuliko wengi.

Mwindaji wa Texas anayenunua silansie ana haki ya kulinda masikio yake, na mkulima aliyepoteza mahindi yake ana haki ya kulinda shamba. Lakini mahali ambako vita havijaisha, ambako mtu analala na nguo zake na radio ndogo karibu na kichwa, mlio wa bunduki usiku ni habari sawa na ile ya radio. Huwezi kuipenda. Lakini ukinyimwa, hujui tena pa kukimbilia.